Kiwanja kilichokuwa cha jeshi: jinsi ya kumlinda mtoto udongo unapochimbwa

"Sista, pale tunapojenga palikuwa na jeshi zamani. Majirani wanasema udongo wa pale ni mbaya. Huyu mtoto wangu atadhurika?"

Swali hili niliulizwa kliniki na mama aliyekuwa amembeba mgongoni mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Walikuwa wamenunua ploti ya hamsini kwa mia kando ya mahali ambapo wanajeshi walikuwa wakifanyia mazoezi ya kulenga shabaha, na tingatinga lilikuwa limeanza kusawazisha ardhi kwa ajili ya barabara na nyumba za kupangisha. Mtoto alikuwa na upungufu wa damu. Nilimpa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu, nikamwambia mama asiwe na wasiwasi. Sikumwuliza mtoto anacheza wapi wala kama anakula udongo. Haya yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile.

Jibu fupi ni kwamba mtoto anaweza kudhurika, lakini si kila ardhi ya jeshi ni hatari, na hata penye hatari yako mengi unayoweza kuyafanya. Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa, kilianzia kwenye kambi ambayo Waingereza waliiachia serikali ya Kenya baada ya uhuru. Mahali ambapo askari walilala, walikula na kupiga gwaride si sawa na mahali walipopigia risasi, walipotengenezea magari, walipoweka mafuta au walipochomea silaha zilizozeeka. Kwa hiyo usiulize tu kama palikuwa na jeshi. Uliza palifanyika nini, na upande upi wa kiwanja. Wazee waliofanya kazi kambini, wapishi, madereva na waliokuwa wakikata nyasi, mara nyingi wanakumbuka vizuri kuliko karatasi.

Kuna nini kwenye udongo huo?

Ninachokihofia zaidi kwa watoto wadogo ni madini ya risasi. Kwa Kiswahili madini haya yana jina moja na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, kwa sababu ndicho kilichotengenezwa nayo. Kwenye uwanja wa shabaha, maelfu ya risasi huzama kwenye tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha. Huko hupasuka, hupata kutu nyeupe na kusagika polepole mpaka zinakuwa sehemu ya udongo. Madini haya hayaozi. Mvua ya miaka 30 haiyaondoi, huyasogeza tu kuelekea bondeni. Risasi hupatikana pia kwenye rangi ya zamani ya majengo ya kambi na mahali palipotupwa betri za magari.

Kambi nyingi za zamani ziliezekwa kwa asbesto, zile bati nzito za kijivu zinazofanana na saruji. Ikiwa nzima haina shida kubwa. Ikivunjwa, ikikatwa kwa msumeno au ikisagwa na tingatinga hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo huingia kwenye mapafu, na madhara yake, pamoja na saratani, hutokea miaka mingi baadaye. Usichukue vipande vyake kujengea banda la kuku wala kuzibia mtaro.

Mahali palipokuwa na karakana na matangi pana mafuta na dawa za kuondolea grisi. Hizi huzama hadi kwenye maji ya chini, na nyingine hupanda kama mvuke na kuingia ndani ya nyumba kupitia nyufa za sakafu. Kwenye viwanja vya ndege vya jeshi kuna pia povu la kuzimia moto, ambalo kemikali zake hukaa ardhini na majini kwa miaka mingi bila rangi wala harufu.

Halafu kuna mabomu na maguruneti ambayo hayakulipuka. Nitayarudia, kwa sababu hayo hayasubiri miaka.

Madini ya risasi humfikiaje mtoto?

Wengi hudhani hatari ni kupita juu ya udongo au kuugusa. Madini ya risasi hayapenyi kirahisi kwenye ngozi nzima. Huingia kwa mdomo, na mtoto wa miezi sita hadi miaka mitatu hupeleka kila kitu mdomoni. Anatambaa, anashika sakafu, analamba kidole, anaokota kipande cha mkate kilichoanguka. Kiasi chenyewe ni kidogo sana, vumbi tu la viganjani, lakini kila siku lipo. Na mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Akiwa na njaa, au akipungukiwa na madini ya chuma au kalisi, hufyonza zaidi.

Hapo ndipo ninapomkumbuka yule mtoto wa kliniki. Mtoto mwenye upungufu wa damu huwa na hamu ya kula udongo. Udongo wenye risasi humletea upungufu wa damu zaidi, na mwili unaokosa chuma huipokea risasi kwa urahisi. Mambo haya matatu huzunguka pamoja, na muuguzi asiyeuliza huona moja tu.

Njia nyingine ni baba, au yeyote wa nyumbani anayefanya kazi kwenye huo mjengo. Anarudi jioni na vumbi kwenye viatu, nywele na ovaroli, mtoto anamkimbilia na kumkumbatia. Tumeyaona madhara ya njia kama hiyo hapa kwetu. Owino Uhuru, Mombasa, haikuwa ardhi ya jeshi. Kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kupata risasi, kikaanza mwaka 2007 na kufungwa 2014, na moshi, maji taka na vumbi la nguo za wafanyakazi vikafika kwenye nyumba za watu. Mmoja wa wafanyakazi wake, Phyllis Omido, alianza kupigania mtaa huo baada ya mtoto wake mchanga kuugua na kutibiwa magonjwa ya kawaida bila nafuu, mpaka damu yake ilipopimwa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Baada ya rufaa kwenda na kurudi, Mahakama ya Juu iliirudisha amri hiyo mwaka 2024.

Nitajuaje kama mtoto ameathirika?

Kwa kumtazama tu, mara nyingi hutajua, na mimi pia sitajua. Risasi kidogo mwilini haimlazi mtoto kitandani. Inamchelewesha kusema, inampunguzia umakini, inamfanya awe mkali au mtukutu, na akifika shule anahangaika kusoma. Watu husema amerithi kwa baba yake. Ikizidi, tumbo huuma, hupata choo kigumu, hamu ya kula hupotea, ngozi hupauka. Mtoto anayetapika mfululizo, anayesinzia isivyo kawaida au anayepata degedege ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, na mwambie daktari habari ya udongo, kwa sababu kila mtu atafikiria malaria kwanza.

Kipimo cha kweli ni cha damu. Vituo vidogo vya afya kwa kawaida havina, lakini vinaweza kukupa rufaa, na maabara kubwa hupokea sampuli. Damu itolewe kwenye mshipa. Ikitolewa kwenye kidole, mikono ya mtoto ioshwe sana kwa sabuni kwanza, la sivyo vumbi la kidole huingia kwenye sampuli na jibu hupanda bure.

Jibu huandikwa kwa mikrogramu katika desilita moja ya damu. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 5 ni lazima chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kuanzia 45, mtoto anahitaji dawa maalumu za kuitoa risasi mwilini, na hizo ni za hospitali. Chini ya hapo tiba ni kuondoa chanzo, kumlisha vizuri na kupima tena baada ya muda utakaopangiwa. Hakuna chai, mizizi wala vidonge vya kusafisha damu vitakavyofanya kazi hiyo, na baadhi ya poda za kienyeji zenyewe zina risasi. Wanja pia. Ukija kliniki nitakuuliza kuhusu wanja, kuhusu rangi ya nyumba, na kama kuna jirani anayefungua betri uani. Sikuchunguzi wewe. Natafuta chanzo, na si lazima kiwe kilekile tunachokishuku.

Nyumbani, kuanzia leo

Usingoje matokeo ya udongo ndipo uanze. Kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula, kabla ya kulala na baada ya kucheza nje ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Ile dawa ya kutakasa mikono ya wakati wa korona haiondoi risasi kwa sababu risasi si kijidudu: inahitaji kuoshwa na kuondoka na maji. Osha pia vitu vya kuchezea na ile chuchu ya chupa inayoanguka sakafuni kila mara.

Viatu vibaki mlangoni. Usifagie sakafu kavu, maana ufagio hurusha vumbi hewani na kulirudisha juu ya meza. Piga deki, na suuza kitambaa mara kwa mara katika maji mengine. Kama uani ni udongo mtupu, panda nyasi, weka kokoto, au tandika mkeka au turubai pale mtoto anapochezea. Anayetoka mjengoni avue nguo nje au karibu na mlango, aoge, ndipo ambebe mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi.

Kuhusu maji, kuna kosa ambalo wengi tunalifanya kwa nia njema. Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi risasi wala kemikali za povu la moto, na kadiri maji yanavyopungua kwenye sufuria ndivyo zinavyokolea. Dawa ya klorini nayo haisaidii hapo. Kama kisima kiko ndani au karibu na kiwanja hicho, tafuta maji ya kunywa na ya kupikia uji wa mtoto mahali pengine mpaka kisima kipimwe. Maji yanayonuka mafuta ya taa au yenye utando wa rangirangi juu yake yasinywewe hata kidogo, lakini maji maangavu yasiyo na harufu hayathibitishi kitu.

Mboga hutegemea. Karoti, viazi na mihogo hukua ndani ya udongo wenyewe, na sukumawiki na mchicha hukusanya vumbi kwenye majani. Nyanya na pilipili hupata kidogo zaidi. Kama una wasiwasi, panda kwenye magunia yaliyojazwa udongo na mbolea kutoka mahali unapopaamini. Kuku wanaochakura uani humeza udongo kutwa nzima na risasi huingia kwenye mayai, kwa hiyo wafungie. Mpe mtoto chakula kabla hajashinda na njaa: maharagwe, ndengu, maini, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, na chungwa au embe ili chuma kifyonzwe vizuri. Hivi ni vyakula vya kawaida, na kwenye jambo hili ni kinga.

Kitu kigumu kilichofukuliwa

Tingatinga likichimba hufukua vyuma. Watoto hupenda vitu vinavyong'aa, na vijana huvikusanya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Huko Archers Post, Samburu, na Dol Dol, Laikipia, ambako jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi kwa miaka mingi, wafugaji na watoto wao waliuawa na kukatwa viungo na mabomu waliyoyakuta malishoni. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa walalamikaji 228. Dar es Salaam, maghala ya jeshi yalipolipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, mabomu yaliruka mpaka kwenye makazi ya watu.

Mfundishe mtoto maneno machache ya kukariri: usiguse, usirushie jiwe, rudi ulikopitia, mwambie mtu mzima. Wewe mwenyewe usikifunike, usikimwagie maji, usichome takataka karibu nacho. Weka alama ukiwa mbali, zuia watoto, na upige simu polisi. Usikubali kiletwe nyumbani ili "fundi akiangalie". Kutu si dalili kwamba kimekufa.

Maswali ya kuuliza kabla tingatinga halijaendelea

Hapa mama mmoja akienda peke yake huonekana msumbufu. Nendeni kumi, na mhudumu wa afya ya jamii awe pamoja nanyi. Kwa mradi mkubwa, sheria inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya ujenzi, na wananchi wasikilizwe. Kenya msimamizi ni NEMA, Tanzania ni NEMC. Ombeni kuiona ripoti, na mwombe mtu aliyesoma awafafanulie ukurasa wa udongo na wa maji.

Ulizeni udongo ulipimwa wapi na kwa kina gani. Mtoto hacheza mita mbili chini. Anacheza juu kabisa, na sampuli za sentimita chache za juu ndizo zinazomhusu. Ulizeni kama tuta la shabaha, karakana na jalala la kambi vilipimwa, au zilichukuliwa sampuli tano tu karibu na lango. Marekani, kwa miaka mingi, kiwango cha risasi kilichowafanya maafisa waangalie udongo wa makazi kwa makini kilikuwa miligramu 400 kwa kilo. Mwaka 2024 kilishushwa hadi 200. Nautaja ili muone kwamba neno "salama" hubadilika, hivyo dai namba yenyewe.

Ulizeni pia nani alipima, na nani alimlipa. Pale Hunters Point, San Francisco, palikuwa na bandari ya jeshi la majini la Marekani ambako meli zilizotoka kwenye majaribio ya mabomu ya nyuklia ya mwaka 1946 zilisafishwa. Bandari ilifungwa 1974, na 1989 iliwekwa kwenye orodha ya serikali ya maeneo yaliyochafuliwa vibaya. Sehemu ya kwanza ilikabidhiwa jiji mwaka 2004, nyumba zikajengwa, huku wakazi wa mitaa jirani wakilalamikia vumbi lenye asbesto kutoka kwenye mwamba uliokuwa ukikatwa. Mwaka 2018 wasimamizi wawili wa kampuni iliyolipwa kupima na kusafisha mionzi walihukumiwa kifungo kwa kughushi kumbukumbu za udongo: sampuli za udongo safi zilipelekwa badala ya zile zilizotakiwa. Upimaji ukalazimika kurudiwa. Hiyo ni nchi yenye maabara na wakaguzi tele. Kwa hiyo ombeni sampuli chache zichukuliwe mbele ya wawakilishi wenu na zipelekwe maabara nyingine, kama ya Mkemia wa Serikali.

Kazi ikiendelea, angalieni vumbi. Udongo umwagiwe maji kabla ya kuchimbwa, malori yafunikwe turubai, magurudumu yaoshwe kabla ya kuingia barabarani, kazi isimame upepo ukiwa mkali, na uzio usiwe na upenyo wa kichwa cha mtoto. Lori linaloacha wingu mtaani lipigeni picha, mwandike tarehe na saa.

Na jambo moja linalopita bila kuonekana: udongo unaochimbwa huenda wapi? Mara nyingi dereva huutoa bure au kwa bei ya chai kwa anayetaka kujaza shimo au kusawazisha ploti. Ukikataa udongo huo umeokoa uani kwako. Shule ya chekechea jirani ikiupokea, nenda kamwone mwalimu mkuu siku hiyohiyo.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha

Risasi uliyoimeza miaka iliyopita hukaa kwenye mifupa, na mimba huifungua pamoja na kalisi, ikamfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo mjamzito hastahili kufagia vifusi wala kukwangua rangi ya nyumba ya zamani. Mwambie muuguzi kliniki ya wajawazito mahali unapoishi. Kunywa maziwa au kula dagaa kila unapoweza, na vidonge vya chuma usiviache. Kama unatamani odowa au udongo wa kula, usiuchukue karibu na kiwanja hicho, na uniambie bila aibu: mara nyingi ni damu yako inayoomba chuma, na hiyo tunaweza kuipima siku hiyohiyo.

Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Risasi hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo, na kwa mama wengi faida ya maziwa yao ni kubwa kuliko hatari hiyo. Anayestahili kukuambia uache ni daktari aliyeshika matokeo ya damu yako mkononi, si jirani. Ukiacha, mtoto ataishia kunywa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima kilekile.